Gari limeibwa na kijana wa nyumbani: nimtaje, au ninyamaze bima ilipe?

SWALI: Gari langu aina ya Toyota IST liliibwa usiku nje ya nyumba yangu, Tabata, Dar es Salaam. Asubuhi yake nilikwenda kituoni nikapewa RB, yaani namba ya kumbukumbu ya taarifa polisi, kisha nikaijulisha kampuni ya bima kwa kuwa nina bima kubwa, na katika fomu ya madai nikaandika kuwa gari limechukuliwa na watu nisiowafahamu. Polisi walimshikilia mlinzi wa mtaa, wakamwachia kwa dhamana. Wiki iliyofuata binti anayenisaidia kazi za nyumbani aliniambia kuwa, siku chache kabla ya wizi, alimwona mtoto wa marehemu dada yangu akitoka na ufunguo wa gari mchana na kuurudisha jioni. Kijana huyo ana miaka 23 na nimemlea mwenyewe. Nilipomuuliza alilia, akasema anadaiwa, na kwamba kuna watu walimwahidi fungu. Kaka zangu wamekaa kikao na kuniambia nisimtaje, kwa sababu bima italipa na hakuna atakayeumia, ilhali nikimtaja atafungwa miaka 30. Kijana atanilipa kidogo kidogo kama adhabu ya kifamilia. Gari nililinunua kwa mkopo wa SACCOS, chama chetu cha kuweka na kukopa, na kadi ya gari bado iko kwao. Mchunguzi wa kampuni amesema atakuja kunihoji. Nifanye nini, na je, nikimtaja nitapoteza fidia?

JIBU: Dada yangu, pole kwa gari na pole zaidi kwa kijana. Nitajibu kwanza kwa ufupi, halafu nieleze. Mtaje, kwa polisi na kwa kampuni ya bima, na ufanye hivyo kabla mchunguzi hajakaa mbele yako. Kumtaja hakukupotezei fidia moja kwa moja. Kunyamaza ukapokea fedha ndiko kunakoweza kukupotezea fidia, na pamoja na fidia kukuweka wewe mwenyewe kizimbani.

Kaka zako wamekueleza jambo hili kana kwamba mizani ina pande mbili tu, kijana upande mmoja na gari upande wa pili, na bima ikiwa mfuko usio na mwenyewe. Hawakuiona fomu uliyotia saini. Siku uliyoandika kuwa gari limechukuliwa na watu usiowafahamu ulisema kweli, kwa kuwa ndivyo ulivyojua, na hakuna mahakama itakayokulaumu kwa hilo. Leo unajua jambo jingine. Sentensi ile ile, ukiiacha kama ilivyo na ukasubiri hundi juu yake, imegeuka kuwa maelezo unayojua kuwa si ya kweli, na fedha utakayoipokea itakuwa imepatikana kwa njia ya udanganyifu, kosa ambalo liko katika Kanuni ya Adhabu sawasawa na wizi wenyewe. Yaani kijana ana kosa moja, na kikao cha familia kinakutafutia wewe la pili.

Mkataba wa bima husimama juu ya msingi wa nia njema ya hali ya juu, na msingi huo hauishii siku ya kulipa ada. Mteja anatakiwa kusema kweli anapokata bima na anapodai, na anapopata habari mpya yenye uzito kuhusu madai ambayo bado hayajalipwa anatakiwa kuipeleka. Soma mkataba wako, kwa maana ya kitabu chenyewe chenye masharti, si stika wala risiti, na utakuta karibu na mwisho sharti linalosema kuwa madai yakiwa na udanganyifu kwa namna yoyote, mteja hupoteza haki zote. Sharti hilo halikati fidia kwa kadiri ya uongo uliosemwa. Linaifuta yote. Nimeshughulikia madai ya namna hii kwa upande wa kampuni na baadaye kwa upande wa wateja, na ninachoweza kukuambia ni kwamba madai mengi ya wizi yanayokataliwa hayakataliwi kwa sababu gari halikuibiwa; hukataliwa kwa sababu mwenye gari halali alificha jambo dogo alilolionea haya.

Usidhani kwamba mchunguzi atakuja kuuliza gari lilikuwa la rangi gani. Kazi yake huanzia ndani ya nyumba, kwa kuwa uzoefu umemfundisha kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Atauliza gari lina funguo ngapi na kila mmoja uko wapi, kisha atauomba ufunguo na kuondoka nao. Hapa kuna jambo ambalo wateja wengi hawalijui: magari mengi yaliyotumika yanayoletwa kutoka Japani huja na ufunguo mmoja tu, kwa hiyo kuwa na ufunguo mmoja si kosa, lakini ufunguo huo ukichunguzwa na mtu mwenye ujuzi unaweza kuonyesha alama ndogo zinazoachwa na mashine ya kuchongea nakala. Ukimwambia kuwa ufunguo haujawahi kutoka mkononi mwako, na chuma chenyewe kikasema vingine, mazungumzo yenu yatabadilika papo hapo. Baada yako ataomba kuzungumza na mlinzi, na majirani, pengine na mjumbe wa shina, na bila shaka na binti wa kazi. Huna haki ya kumpangia binti huyo cha kusema, na nakuomba usimwachishe kazi sasa, kwa sababu kumwondoa shahidi wakati madai yako mezani huonekana kuwa jambo lile lile ambalo ungependa lisionekane. Polisi nao, wakipata sababu ya kumshuku mtu wa nyumbani, wanaweza kupata kumbukumbu za simu kutoka kwa kampuni za mitandao, na kijana anayedaiwa huwa na simu nyingi za usiku.

Kisha kuna mlinzi. Umemtaja kwa sentensi moja katika swali lako, nami sikuweza kuipita. Mtu huyo ana jalada la polisi lenye jina lake, anaripoti kituoni kwa masharti ya dhamana, na huenda amekwisha kupoteza lindo. Wewe unayo habari inayoweza kumwondolea shaka. Hata kama ungeamua kuifutilia mbali bima na kuubeba mzigo wa gari mwenyewe, njia ambayo wasomaji wengine wangeiona kuwa ya heshima, bado usingekuwa umemaliza, kwa sababu jalada la polisi lingebaki wazi na mtu asiyehusika angebaki ndani yake. Kufuta madai kunakuondoa katika udanganyifu dhidi ya kampuni tu.

Kuhusu wajibu wa kutoa taarifa, sheria ya Tanzania iko wazi kuliko watu wanavyodhani. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinamtaka kila anayejua kuwa kosa lililo katika Kanuni ya Adhabu limetendeka atoe taarifa mara moja kwa polisi au kwa kiongozi wa eneo lake, ambaye ataifikisha kituo cha karibu. Ni kweli kwamba si kawaida kumwona mtu amefikishwa mahakamani kwa kunyamaza tu. Kinachowafikisha watu huko ni hatua zinazofuata ukimya: kumsafirisha mhusika kwenda kijijini, kumpa nauli, kuvunja simu yake, kuafikiana maneno ya kuwaambia polisi. Hapo mtu huacha kuwa ndugu mwenye uchungu na kuwa msaidizi wa mkosaji baada ya kosa. Kaka zako wamekwisha kukaa kikao kimoja; waambie wasikae cha pili juu ya ajenda hiyo.

Sasa miaka 30, ambayo ndiyo iliyowatisha. Idadi hiyo imeenea vinywani mwa watu kwa sababu ndiyo adhabu ya unyang'anyi wa kutumia silaha, yaani mtu anaponyang'anywa mali kwa bunduki, panga, kisu au silaha nyingine, au kwa kutishiwa kwa vitu hivyo. Gari lililochukuliwa usiku kwa ufunguo bandia huku wewe umelala si unyang'anyi. Ni wizi, na adhabu ya jumla ya wizi katika Kanuni ya Adhabu ni kifungo kisichozidi miaka saba. Nasisitiza neno kisichozidi, kwa sababu hicho ndicho kiwango cha juu kabisa, na hakimu hutazama mambo mengi kabla ya kukifikia: umri, kama ni kosa la kwanza, kama mshtakiwa alikiri mapema, kama alisaidia mali ipatikane, na mwenye mali anasema nini. Mahakama inaweza pia kuamuru mwenye mali alipwe fidia. Sikuahidi kwamba kijana hatafungwa, kwa kuwa hakuna mwanasheria mwaminifu anayeweza kuahidi hivyo, na endapo itabainika kwamba watu waliomtuma ni genge lenye kazi hiyo, waendesha mashtaka wanaweza kutafuta mashtaka mazito zaidi dhidi ya wote. Hilo lenyewe ni sababu ya yeye kujitenga nao mapema.

Jambo moja lazima ulijue kabla hujaondoka nyumbani: huwezi kumtaja leo na kumwondoa kesho. Wengi huamini kuwa mlalamikaji akisema amesamehe basi kesi imekwisha. Kesi ya jinai ni ya Jamhuri, na mamlaka ya kuiendesha au kuiondoa mahakamani yako kwa Mkurugenzi wa Mashtaka na mawakili wa Serikali walio chini yake. Usuluhishi ambao mahakama inaruhusiwa kuuhimiza ni wa makosa madogo ya kibinafsi, na wizi wa gari haumo. Huruma yako ina mahali pake, na mahali hapo ni pale utakapoulizwa, kabla ya adhabu kutolewa, una maoni gani kuhusu kijana huyu. Maneno ya mama mdogo aliyemlea yatakuwa na uzito mkubwa siku hiyo, mradi awe ndiye aliyesema kweli tangu mwanzo.

Nije kwenye fidia, ambayo ndiyo sehemu ya swali lako yenye matawi mengi. Bima ndogo, inayowalinda watu wengine barabarani, hailipi wizi wa gari lako; wewe una bima kubwa, na hiyo kwa kawaida hulipa. Lakini mikataba mingi ya bima kubwa huweka mipaka kuhusu nani ameiba na gari lilimfikiaje. Mpaka unaotumika zaidi unahusu mtu aliyekabidhiwa. Ukimpa dereva gari akafanyie biashara naye akatoweka nalo, au ukimkodishia mtu asirudishe, huo ni wizi wa kuaminiwa, na kampuni nyingi huutenga kwa maandishi, kwa hoja kwamba hasara hiyo imetokana na uamuzi wako wa kumwamini mtu. Kijana wako hakukabidhiwa gari. Kwa yanayoonekana katika maelezo yako, ufunguo ulichukuliwa bila ruhusa yako, ukachongwa nakala, ukarudishwa, kisha gari likachukuliwa usiku na watu ambao hujawahi kuwaona. Kwa maoni yangu huo ni wizi wa kawaida hata kama mmoja wa wahusika alikula chakula cha jioni mezani kwako.

Tatizo laweza kutokea iwapo mkataba wako una maneno yanayotenga hasara inayosababishwa na mwanafamilia au mkazi wa nyumba ya mteja. Baadhi ya mikataba inayo, mingine haina, na iliyonayo hutofautiana: mmoja unatenga kila mkazi wa nyumba, mwingine unatenga pale tu mteja mwenyewe alipojua au alipoafiki. Tofauti hiyo ni ya maneno mawili matatu, lakini ndiyo inayoamua mamilioni, kwa hiyo lisome sharti hilo neno kwa neno, na kama mkataba umeandikwa kwa Kiingereza tu, mtafute wakili au dalali wa bima aliyekukatia akusomee na asiishie kukupa muhtasari. Kama kijana hukuwa ukimruhusu kuendesha gari hilo, sema hivyo. Kama ulimruhusu mara moja moja, sema hivyo pia, kwa sababu majirani wamemwona.

Kampuni inaweza pia kuuliza kuhusu uangalifu wako. Ufunguo uliotundikwa kwenye msumari sebuleni, ndani ya nyumba inayofungwa, si uzembe kwa kipimo cha kawaida cha nyumba zetu. Ufunguo ulioachwa ndani ya gari lenyewe ni jambo jingine kabisa. Jibu kilichokuwepo, bila kukipamba.

Ikiwa kampuni itakubali kulipa, usitegemee lazima kupata namba iliyoandikwa kwenye hati ya bima. Mikataba mingi hulipa thamani ya gari sokoni siku ya hasara, isiyozidi kiasi kilichokatiwa bima, kisha hukata ile sehemu ya hasara ambayo mkataba unasema utaibeba wewe mwenyewe. Watu waliokata bima kwa bei waliyonunulia gari miaka kadhaa iliyopita hushangaa hapa. Na kwa kuwa kadi iko SACCOS, angalia kama jina la SACCOS limeandikwa kwenye mkataba kama mwenye maslahi. Likiwemo, kampuni italipa deni lao kwanza na wewe utapata kinachobaki. Liwemo au lisiwemo, mkopo haukuibiwa pamoja na gari. Marejesho yanaendelea, na ni vizuri uwaandikie mapema uwaeleze kilichotokea na uombe nafuu ya ratiba, kabla hawajaona makato yamekwama. Utahitaji pia nakala ya kadi kutoka kwao, kwa sababu kampuni ya bima haitakamilisha faili bila kadi.

Usishangae malipo yakichelewa. Kwenye wizi, tofauti na ajali, kampuni hutaka muda upite ili gari lipate nafasi ya kuonekana, na husubiri taarifa ya polisi inayosema upelelezi umefikia wapi. RB uliyonayo ni namba ya kumbukumbu kwamba ulifika kituoni. Haitoshi kuwa taarifa hiyo. Gari likipatikana kabla hujalipwa, madai yako yanakuwa ya uharibifu na vifaa vilivyong'olewa. Likipatikana baada ya kulipwa, ni mali ya kampuni.

Na hapa ndipo mpango wa kaka zako wa kijana kukulipa kidogo kidogo unapoanguka. Fidia ya bima ipo ili ikurudishe ulipokuwa, isikupe zaidi ya ulichopoteza. Huwezi kulipwa gari moja na kampuni na tena na mwizi. Zaidi ya hayo, kampuni ikishakulipa huingia katika nafasi yako na kurithi haki yako ya kumdai aliyesababisha hasara. Ukiwa umekwisha kuandikiana na kijana makubaliano ya kifamilia, umesamehe au umegeuza kuwa mkopo deni ambalo halikuwa lako peke yako, na kampuni itakuwa na hoja nzuri ya kisheria kwamba umeiharibia haki yake. Kama karatasi ya namna hiyo imeshaandikwa kwenye kikao, usiichane. Mpe wakili wako.

Kuna sababu nyingine ya kuharakisha, ambayo katika vikao vya familia husahaulika kabisa: gari lenyewe huenda bado lipo. Gari la kifahari hutafutiwa mpaka, kwa kuwa Kenya, Uganda, Zambia na Malawi huendesha upande ule ule wa barabara kama sisi na gari lenye usukani wa kulia huuzika huko bila maswali. IST ni gari la watu wa kawaida, limejaa mjini, na mara nyingi thamani yake kwa mwizi iko kwenye vipande: taa, milango, gia boksi, injini. Kazi ya kulikata hufanyika ndani ya gereji yenye ukuta, na haimalizi wiki nyingi. Kijana anajua majina, namba za simu, pengine gereji. Habari hiyo ikifika kwa mpelelezi leo ina thamani kubwa. Ikifika mwezi ujao itasaidia kesi tu, haitasaidia gari. Ndiyo pia kitu pekee chenye uzito ambacho kijana anacho mkononi cha kumpunguzia adhabu.

Ukiwa kituoni hakikisha jalada lina namba ya chasisi na namba ya injini, maana namba ya usajili hung'olewa kwa bisibisi ndani ya dakika moja. Kama ulikuwa umechora namba ya gari kwenye vioo na taa, kama wengi wa Dar wanavyofanya siku hizi, litaje hilo pia, kwa sababu taa yenye mchoro kwenye duka la vipuri ni ushahidi unaotembea. Omba taarifa zifikishwe kwa dawati la Interpol la Jeshi la Polisi, ambalo linaweza kuliingiza gari kwenye kanzidata ya magari yaliyoibwa inayoonekana na nchi nyingine wanachama, na wewe mwenyewe uiandikie Mamlaka ya Mapato, TRA, inayosajili magari, ukiambatisha RB, ili umiliki usihamishwe kwa kadi ya kughushi.

Namna ya kutoa taarifa nayo ina adabu yake. Nenda kituo kile kile, mwombe mpelelezi mwenye jalada lako, mwambie unataka kuandika maelezo ya nyongeza. Eleza ulichokiona, ulichoambiwa, na nani alikuambia, na usivuke hapo. Wewe hukumwona kijana akiliendesha gari. Uliambiwa na binti kuhusu ufunguo, na kijana mwenyewe alikwambia kuhusu deni na ahadi ya fungu. Hayo ndiyo maelezo yako, na hayahitaji kuongezewa hasira wala kupunguzwa kwa mapenzi. Afisa akimaliza kuandika, yasome kabla ya saini inayothibitisha kuwa ni sahihi, na kama ameandika kuwa fulani aliiba pale wewe uliposema fulani aliniambia, omba arekebishe. Ni haki yako na hakuna afisa makini atakayekasirika.

Siku hiyo hiyo peleka barua kwenye kampuni ya bima. Haihitaji kurasa. Maneno ya aina hii yanatosha: "Rejea madai yangu ya wizi wa gari namba fulani. Baada ya kujaza fomu ya madai, nimepata taarifa kutoka kwa mtu wa nyumbani kwangu, na kauli ya ndugu ninayeishi naye, zinazoonyesha kuwa ndugu huyo alihusika kutoa ufunguo wa gari bila ridhaa yangu. Nimetoa maelezo ya nyongeza polisi leo chini ya RB ile ile. Naomba barua hii isomwe pamoja na fomu yangu." Ifanye nakala, igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, na nakala hiyo uitunze. Barua hiyo ndiyo itakayotenganisha mteja aliyejifunza jambo jipya na mteja aliyegunduliwa.

Je, umwambie kijana kabla ya kwenda? Mwambie, lakini usimpe wiki ya kufikiria. Njia bora kuliko zote ni yeye kwenda mwenyewe akiwa na wakili, asubuhi ile ile unayokwenda wewe, na fedha ambazo familia ingezitumia kumficha zitumike kumlipa wakili huyo. Wizi una dhamana, ila kwa mali ya thamani kubwa mahakama huweza kudai fedha au hati ya mali isiyohamishika inayofikia nusu ya thamani hiyo, basi kaka zako wenye nyumba waanze kutafuta hati zao. Huo ndio msaada wa kijomba unaokubalika. Akikataa kwenda, nenda peke yako. Na jambo hili lisitoke nje ya nyumba kabla ya kufika kituoni, kwa sababu neno mwizi likipazwa mtaani kwetu wenye hasira hawasubiri jalada. Vilevile mkipigiwa simu na mtu anayedai analo gari na anataka atumiwe fedha ili aliachie, msitume hata senti. Mpeni mpelelezi namba hiyo.

Hatimaye, kampuni ikikataa kulipa baada ya wewe kusema kweli, usikubali kauli ya mdomo ya kaunta. Dai barua inayotaja sharti la mkataba wanalolitegemea, lilinganishe na maneno ya mkataba wako kuhusu mkazi wa nyumba na kuhusu mtu aliyekabidhiwa, na ukiona hayalingani peleka malalamiko kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi iliyowekwa na Sheria ya Bima ya mwaka 2009 kwa ajili ya wateja walio katika hali kama yako. Ambatisha mkataba, fomu ya madai, RB, barua yako ya marekebisho yenye muhuri, na barua yao ya kukataa. Usisaini hati yoyote ya kukubali malipo kuwa ya mwisho, hata kama wanakupa sehemu ya fedha papo hapo, kabla wakili wako hajaisoma.